KoboToolbox kwa mwanafunzi wa uzamili wa saikolojia: niliyoyaona nikikusanya data Mwaloni Kirumba

Wanafunzi wenzangu wa uzamili wakiniuliza waingie uwandani na karatasi au na simu, nawaambia waende na KoboToolbox. Kisha nawaeleza masharti, na masharti ndiyo marefu. Tathmini nyingi za Kobo nilizokutana nazo zimeandikwa na watu wa miradi ya maji, kilimo na misaada ya dharura. Sisi wa saikolojia tunauliza mambo mengine: usingizi, machozi, deni, hamu ya kuishi. Kifaa kinachofaa kuhesabia visima hakigeuki kuwa kizuri kwetu kwa sababu hiyo peke yake.

Utafiti wangu ulihusu mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, na sonona (depression) miongoni mwa wanawake wanaouza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Anayelijua soko lile anajua kwamba kona tulivu ya mahojiano huipati. Magunia yanapita mabegani, mitumbwi inashusha mzigo kutoka visiwani, wanunuzi wa mikoani na nchi jirani wanapatana bei, na mama unayemhoji anaendelea kuwapimia wateja huku akikujibu. Mikono ina magamba, chini kumelowa. Dodoso la karatasi pale halifiki mchana likiwa linasomeka. Na hata likifika, bado kuna kazi ya kuketi usiku kuhamishia majibu kwenye Excel, moja baada ya jingine, ambako 2 inaweza kugeuka 3 kwa uchovu tu na hakuna atakayejua.

Kwa asiyeijua, KoboToolbox ni mfumo wa kukusanya data kwa simu. Chimbuko lake ni Harvard Humanitarian Initiative, mikononi mwa watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck, na tangu 2019 unaendeshwa na shirika lisilo la faida linalojitegemea. Unaunda dodoso kwenye kompyuta, unalishusha kwenye simu za Android kwa programu ya KoboCollect, unahoji bila intaneti, na ukipata mtandao unatuma majibu kwenye seva. Mwenye iPhone hana KoboCollect; atatumia fomu ya kwenye kivinjari. Wasaidizi wangu walikuwa na simu za kawaida kabisa, za aina unazoziona kwa kila mtu kwenye daladala, na zilitosha. Kilichohitajika ni pawabenki na bando dogo, maana majibu ya maandishi ni mepesi.

Dodoso unaweza kuliunda kwa njia mbili: kwa kubofyabofya kwenye tovuti yenyewe, au kwa kuliandika kwenye Excel kwa mpangilio unaoitwa XLSForm kisha ukalipandisha. Nendeni na Excel. Siku ya kwanza inatisha, ya pili unaizoea, na baada ya hapo hutaki kurudi kwenye kubofya. Karatasi moja ina maswali, nyingine ina orodha za majibu, ya tatu ina jina la fomu na mipangilio yake. Kila swali lina mstari wake, na pembeni yake unaandika lini litokee, jibu gani likubaliwe na lipi likataliwe. Umri usipungue 18. Kiasi cha rejesho la wiki kiwe tarakimu, kusiwe na mtu wa kuandika "elfu hamsini na kitu". Asiye na mkopo asiulizwe anadaiwa na nani. Ukimaliza kuliandika dodoso namna hiyo umelazimika kulifikiria kila swali lina kazi gani, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Msimamizi wangu alikuwa ameniuliza mara nyingi swali fulani linajibu lengo lipi la utafiti. Nilipokuwa naandika mistari ya Excel nilijikuta najiuliza mwenyewe, na maswali kadhaa niliyafuta kabla hayajamsumbua mtu.

Kipimo changu kikuu kilikuwa PHQ-9, kile cha maswali 9 ya sonona kilichochapishwa 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na 10 ndicho kizingiti kinachotumiwa zaidi kuashiria sonona. Kukinakili ni bure, na toleo la Kiswahili limeshapimwa uhalali wake Kenya na Tanzania, kwa hiyo mwanafunzi haanzii sifuri. Tatizo haliko kwenye maswali, liko kwenye majibu. Mshiriki anatakiwa aseme kama katika wiki mbili zilizopita jambo hilo halikumpata kabisa, lilimpata siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Mkiwa ofisini mnaona ni rahisi. Mwaloni, mama anakuambia "mara nyingine" au "inategemea na biashara", na msaidizi asiye mwangalifu anachagua anachokiona yeye.

Hapa Kobo ilinifaa kwa namna ambayo karatasi ingenigharimu. Kila jibu unaweza kuliwekea picha. Nilipiga picha za sado, ile ndoo ndogo wanayopimia dagaa: ya kwanza tupu, ya pili ina dagaa chini kidogo, ya tatu imevuka nusu, ya nne imejaa hadi mdomoni. Nikazipunguza ukubwa, nikaziingiza kwenye orodha ya majibu. Mama akisomewa swali anaziangalia sado nne kwenye kioo na kuweka kidole. "Hii hapa," anasema, na mara nyingi anaongeza maelezo ambayo sikuyauliza: ilijaa wiki ile ya marejesho mawili, sasa imeshuka. Kabla ya kwenda nazo sokoni tulizijaribu kwa wanawake wa soko jingine, kwa maneno peke yake kisha kwa maneno na picha, tukawauliza wameelewaje. Nisingethubutu kubadili namna ya kuwasilisha majibu ya kipimo kinachojulikana bila hatua hiyo, na nawasihi mnaofuata msiiruke. Kobo itawaruhusu kuweka picha yoyote. Haitawaambia kama picha hiyo imebadili maana ya swali.

Jumla ya alama mfumo unaikokotoa wenyewe nyuma ya pazia. Msaidizi haioni, na hapaswi kuiona, maana akiiona inapanda ataanza kumhoji mama kwa sauti nyingine.

Sasa swali la 9. Linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ingekuwa afadhali afe, au ya kujidhuru. Kila mwanafunzi wa saikolojia anayetumia PHQ-9 anajua kamati ya maadili itamwuliza: mtu akijibu ndiyo, unafanya nini? Kwenye karatasi jibu la swali hilo linalala ndani ya bahasha mpaka utakapoingiza data, labda baada ya wiki, na hapo huyo mtu umempata wapi. Kwenye Kobo niliandika sharti: jibu lolote lililozidi 0 linafungua ukurasa mpya papo hapo. Ukurasa ule haukuwa na swali la utafiti. Ulikuwa na maagizo kwa msaidizi, kwa herufi kubwa: simamisha dodoso, usimwache mshiriki peke yake, mwulize maswali haya matatu ya usalama, nipigie. Chini yake, visanduku vya kuthibitisha kwamba kila hatua imefanyika, na fomu haikubali kufungwa kabla havijajazwa. Tulikuwa tumekubaliana mapema na muuguzi wa afya ya akili kwamba atapokea simu yangu saa yoyote ya kazi, na wa kupelekwa hospitali ya Bugando, kwenye idara ya magonjwa ya akili, tulijua anapitia wapi na nauli inatoka wapi.

Ukurasa ule ulifunguka uwandani. Sitaeleza ya mtu, ila nitaeleza kilichofanyika. Msaidizi wangu, binti mtulivu, aliweka simu chini kwenye gunia, akamshika mama mkono, akakaa naye. Hakuwa anatafuta karatasi ya maagizo kwenye mkoba wala anajiuliza kama hili ni la kunipigia au si la kunipigia. Lilikuwa limeshaamuliwa tukiwa tumetulia, mbali na soko. Nilipofika tulihamia ofisi ya viongozi wa soko, mlango ukafungwa, na dodoso halikuendelea siku ile. Kama Kobo ingekuwa na jambo hilo moja tu, bado ningeichagua.

Ila simu ina kasoro yake, na kwenye mada kama yangu ni kasoro nzito. Wanaokusanya marejesho ya kausha damu nao huja sokoni na simu mkononi. Wanakuja asubuhi, wanauliza jina, wanabofya, wanasema kiasi. Ukija na wewe binti wa mjini, umevaa kitambulisho shingoni, umeshika simu na unaanza kuuliza habari za mkopo, unafanana nao kila kitu. Mama mmoja alininyoshea kidole kabla sijakaa: "Wewe binti, umetumwa na wa marejesho?" Nikamwambia, "Shikamoo mama. Hapana, mimi ni mwanafunzi." Akaitikia marahaba, lakini hakulegea mpaka mwenyekiti wa wanawake wa soko alipokuja mwenyewe kututambulisha.

Tulibadili utaratibu mzima wa kuingia. Barua tulikuwa nazo zote: ya chuo, ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Wilaya ya Ilemela, ya mtendaji wa kata. Nakala za barua hizo sasa tukawa tunazitoa kwanza, karatasi yenye muhuri ikaenda mbele na simu ikabaki mkobani. Mazungumzo ya kwanza yakawa ya dagaa: mzigo umeingiaje leo, mwezi unang'aa au giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi ikiwaka biashara hulegea. Simu ikatoka baada ya ridhaa kutiwa saini. Na tulikaa ubavuni kwa mama, kamwe hatukukaa tukitazamana naye, ili kioo akione kama tunavyokiona sisi. Simu ikiwa kati yenu na yeye haoni unachoandika, unamnyima nusu ya imani yake. Ikiwa mnaitazama pamoja, anasahihisha: "Hapana, umebonyeza ya tatu, mimi nimesema ya pili."

Ridhaa yenyewe tuliiweka kwenye karatasi, kwa makusudi. Kobo ina sehemu ya kutia saini kwa kidole juu ya kioo, na fomu unaweza kuipanga ijifunge mshiriki akikataa. Kuifunga ni vizuri, nilitumia. Saini ya kioo niliikataa. Jina na saini ya mtu havipaswi kulala faili moja na alama zake za sonona na deni analodaiwa. Karatasi za ridhaa zilikaa kwenye kabati lenye kufuli, majibu yakaenda kwenye seva na namba tu, na daftari la kuunganisha namba na majina nililishika mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo niliondoa GPS. Kobo inakupa kuchukua mahali alipo mshiriki kwa kubofya mara moja, na ukitazama ramani iliyojaa nukta unajisikia mtafiti kweli. Lakini lengo langu halikuhitaji kujua mama anakaa meza ipi. Mwanamke anayekimbizwa na wadai hastahili kuwekewa nukta. Kurekodi sauti kimyakimya wakati dodoso linaendelea nako kupo, na watu wa miradi mikubwa huipenda njia hiyo kwa kukagua wasaidizi. Mimi nilikagua kwa njia nyingine: fomu inahifadhi saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na dodoso la afya ya akili lililokwisha haraka kupita kiasi linajionyesha lenyewe kwenye orodha.

Kuna suala la seva, ambalo wanafunzi wengi hawaligusi mpaka kamati iwarudishie pendekezo. Ukifungua akaunti unachagua seva ya kimataifa au ya Umoja wa Ulaya. Zote mbili ziko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na ina masharti kuhusu taarifa zinazovuka mpaka. Andikeni wazi kwenye pendekezo na kwenye fomu ya ridhaa kwamba majibu yatahifadhiwa nje, bila majina, na kwa muda gani. Mtu anayetaka kinga zaidi anaweza kusimba fomu kwa jozi ya funguo, ili hata aliyeingia kwenye akaunti asisome kitu. Inafanya kazi, ila mjue bei yake: majibu hamtayaona kwenye tovuti mpaka myashushe na kuyafungua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo ukipotea hakuna wa kuwarudishia, hata wenye Kobo. Kwa tasnifu isiyo na majina ndani ya fomu, nywila ngumu na akaunti isiyoazimwa kwa yeyote vinatosha kwa maoni yangu. Kwa utafiti wa ukatili wa majumbani ningesimba bila kujiuliza.

Dodoso likishaanza kutumika, acheni kulichezea. Kobo inaruhusu kulibadilisha na kupeleka toleo jipya kwenye simu wakati kazi inaendelea, na ruhusa hiyo ni mtego. Ukibadili jina la swali katikati, unaposhusha data unakuta safu mbili za jambo lilelile, za zamani na mpya, na kuziunganisha kunahitaji mtu anayekumbuka kila kilichobadilika. Jaribio la awali ndipo mahali pa kubadili.

Wakati wa kushusha, chagueni muundo unaotoa majina ya maswali na thamani za majibu kama mlivyoziandika kwenye Excel, ili mpate 0, 1, 2, 3 badala ya sentensi za "karibu kila siku". Hatua ndogo, lakini nimeona wenzangu wakikesha kugeuza sentensi kuwa tarakimu kwa mkono. Faili likitoka safi linaingia moja kwa moja kwenye programu ya takwimu: SPSS, au jamovi kwa asiye na leseni. Mimi nilitumia jamovi, ni ya bure, na Cronbach alfa (ya kupima kama maswali ya kipimo yanakwenda pamoja) na rigresheni ambazo tasnifu nyingi za uzamili zinahitaji zote zimo. Ndani ya Kobo kwenyewe msitegemee uchambuzi. Kuna grafu na asilimia, zinasaidia kuona kama wasaidizi wanakwenda sawa, basi.

Na msiilazimishe kwa mahojiano ya kina. Nilikuwa na sehemu ya pili ya utafiti, ya mazungumzo marefu na wanawake wachache, na huko simu ya dodoso niliiacha nyumbani. Kobo inaweza kurekodi sauti na ina zana za kunukuu na kutafsiri sauti hiyo, lakini mazungumzo ya mtu anayeeleza namna alivyouza cherehani ya mama yake ili alipe rejesho hayapangwi kwenye visanduku. Nilitumia kinasa sauti, daftari, na mwenyewe kunukuu neno kwa neno. Kunukuu ni kazi ya kuchosha na sikuiachia mashine, kwa sababu mtu anaponyamaza katikati ya sentensi, huko kunyamaza nako ni data.

Gharama: kiwango cha bure kina kikomo cha majibu kwa mwezi na cha ukubwa wa mafaili, na dodoso la maandishi la tasnifu ya uzamili halikikaribii. Wanaojaza nafasi ni wenye kupakia sauti, picha na video. Fedha yangu ilikwenda kwenye nauli, bando, posho za wasaidizi na soda za washiriki, si kwenye programu. Ukilinganisha na kutoa nakala mamia ya madodoso steshenari, kisha kumlipa mtu wa kuingiza data, akiba ni kubwa, na mwanafunzi anayejilipia ada mwenyewe anaelewa nasema nini.

Kwa nani siipendekezi? Kwa anayehoji watu wachache kwa kina, na kwa anayegawa dodoso darasani kwa wanafunzi mia wanaojaza wenyewe kwa wakati mmoja, maana huko karatasi bado ni ya haraka kuliko kutafuta simu mia. Wengine wote wanaokaa na mtu mmoja mmoja na kumuuliza mambo ya moyoni, nendeni nayo. Wapeni wasaidizi muda wa kutosha wa kufanya mazoezi wao kwa wao, na mazoezi hayo yaanzie kwenye swali la 9.

Tasnifu ikishapita, kumbukeni fomu ya ridhaa mliyoandika. Kwenye yangu niliahidi majibu yatafutwa kwenye seva. Unashusha nakala ya mwisho, unaihifadhi kama chuo kinavyoagiza, unaingia kwenye mradi, unachagua majibu yote na kuyafuta, kisha unaufuta mradi wenyewe. Halafu unazipitia simu za wasaidizi moja moja, kwa sababu fomu zilizokwisha kutumwa zinaweza kubaki ndani ya KoboCollect mpaka mtu azifute kwa mkono.